Mfupa wa Baba, Meno ya Mjomba

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa mgongo. Wenzangu walipewa mbuzi wa kuchunga, wengine walipewa ndege wa kufukuza kwenye mtama; mimi nilipewa mdogo wangu Yona. Mama alimfunga mgongoni kwangu kwa kitambaa kikuukuu, akakaza fundo kifuani mpaka nikakohoa, akaniambia, "Ukimwangusha, na wewe usirudi." Kisha akashika jembe lake. Ndivyo tulivyolelewa huko milimani, juu ya Kisanga, na sioni kama tulipungukiwa kitu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na kila mtu alikuwa akipanda mahindi. Yona alikuwa mtoto mnene, mwenye kucheka na watu wote, hata na kuku. Siku hiyo nilikuwa nimesimama pembeni ya shamba nikimbembeleza, akaniuma begani. Kuniuma kulikuwa kawaida yake. Kila siku alinitafuna kwa fizi kama mzee anayekula ugali. Safari hii palichoma. Nikamfungua, nikampakata, nikamtia kidole mdomoni. Chini palikuwa laini. Juu palikuwa na kitu kigumu chenye makali, kama chenga ya mchele.

Hilo nililielewa pale pale. Kwetu mtoto alilijua kabla hajajua kuhesabu. Jino la kwanza likitoka chini, nyumba inashukuru, maisha yanaendelea. Likitoka juu, mtoto huyo ni kigego. Kigego, walisema, anakula wakubwa zake: kila jino linalotoka, kuna mtu wa nyumba hiyo anayekwenda kaburini. Akikanyaga shamba lililopandwa, mbegu inaoza ardhini. Mama yake haruhusiwi kulitazama jino lile, maana akilitazama ndiye wa kwanza. Zamani za mabibi wa mabibi zetu, watoto hao hawakuachwa wakue, na sitaandika walichofanywa. Zamani zangu, kwa kuwa misheni ilikuwa imeshafika na serikali ilikuwa na macho, walitolewa tu. Kutolewa maana yake ni kupewa watu wa mbali wasio ndugu, bila kudai chochote, na jina lake halitajwi tena nyumbani. Watu waliona huo ndio ustaarabu.

Nilikimbia kwa Bibi, mama yake Mama. Alikuwa amekaa kizingitini anapukuchua mbegu. Bibi alikuwa anachagua mbegu yeye mwenyewe, hakumwamini mtu. Gunzi lililonona katikati ndilo alilolitaka, punje za kichwani na za mkiani alizitupia kuku.

"Bibi, kuna kitu kimeota juu."

Vidole vyake havikusimama. "Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo wako, na wa kwake."

Akamchukua Yona, akampeleka ndani, akamfunika kichwa chote kwa kitambaa, ikabaki pua tu. Kwa watu akasema mtoto amepata kikohozi, upepo haumfai. Ndani ya nyumba alimlisha yeye mwenyewe, mgongo wake akiuelekeza mlangoni. Akiingia mgeni, Yona anafunikwa. Akitoka mgeni, Yona anafunuliwa. Baba alipoomba kumpakata mwanawe, aliambiwa amelala. Nilimwona Bibi anavyofanya, hatua kwa hatua bila kubabaika, na kwa akili yangu ya kitoto nikadhani mabibi wote wanazaliwa wanajua kuficha watoto.

Kilichomponza Yona ni kicheko. Kaka yake Mama, Mjomba Lazaro, alikuwa akimpenda mtoto yule kupita kiasi. Kwetu mjomba ndiye mkubwa wa watoto wa dada yake, maana ukoo unafuata mama. Baba alikuwa ametoka Zombo, akaoa kwetu, akalima kwetu, akajenga kwenye ardhi ya kwetu. Alikuwa mtu mwema na mgeni. Sasa Mjomba akaingia asubuhi moja na jembe begani, akamwona Yona yuko macho, akasema, "Mzee wa kikohozi, habari yako?" Akamtekenya chini ya kidevu. Yona akacheka kicheko chake chote, kinywa wazi kama mlango wa kanisa.

Mkono wa Mjomba ukabaki pale pale kidevuni. Kisha akautoa taratibu, akaufuta kwenye suruali.

"Mama," akamwambia Bibi, "hiki ndicho kikohozi?"

Sasa niwaeleze sheria ya kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa ugomvi uliofuata. Wazee walisema mtu ana vitu viwili: damu na mfupa. Damu ni ya mama, ndiyo inayobeba ukoo, ndiyo inayokupa ndugu. Mfupa ni wa baba: kimo chako, paji lako la uso, vidole vyako vya miguu, meno yako. Ukimwona mtu mrefu, unauliza baba yake ni nani. Ukimwona mwizi, unauliza mama yake ni nani. Ilikuwa sheria nzuri kwa watu wavivu, kwa sababu kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Na jino ni mfupa. Kwa hiyo Mjomba hakuhitaji kufikiri sana. Kigego alikuwa ameletwa na watu wa Zombo, na watu wa Zombo wangemchukua, wao wangejua pa kumpeleka, kabla hatujamaliza kupanda.

Akaitwa mama yake Baba. Tulimwita Bibi wa Zombo. Alipanda mlima ule kwa miguu na fimbo, akafika na tope mpaka magotini. Watu wa ukoo walikuwa wamekaa uani, wanaume kwenye vigoda, wanawake kwenye mkeka. Mama alikuwa amekalishwa pembeni akitazama ukuta, asilione jino. Mimi nilikuwa nimesimama na Yona mgongoni. Yona peke yake ndiye aliyefurahia mkutano.

"Shikamoo mama," Mjomba akasema.

"Marahaba. Haya, semeni. Jembe langu liko shambani."

Wakubwa waliongea kwa lugha ya nyumbani. Mimi nawawekea kwa Kiswahili, na baadhi ya maneno nayapunguza makali. Mjomba alisema, kwa sauti yake ile ya kusoma somo kanisani, "Mama, hatutaki ugomvi na nyie. Mtoto ameota juu. Jino ni mfupa, na mfupa ni wenu. Tunaomba mwende na mfupa wenu."

Bibi wa Zombo akamtazama. "Ala! Nimepanda mlima huu na magoti haya, kumbe naitwa kuja kubeba mfupa kama mbwa?"

Wanawake wakacheka kwenye khanga zao. Mjomba hakucheka.

"Nimezaa, nimelea," yule bibi akaendelea. "Wote waliota chini. Na huyu" — akamwelekezea Baba fimbo — "alichelewa mpaka nikadhani ataoa hana meno. Lakini yalipokuja yalianza chini. Waulizeni watu wa Zombo."

"Watu wa Zombo watasema la kwenu."

"Na watu wa Kisanga watasema la kwenu. Tumwite nani sasa, mkuu wa wilaya?"

"Mama, mtoto huyu akikaa hapa atatuzika sote!"

"Mtu akikuzika si ndiyo heshima? Ulitaka uachwe juani?"

Ilikuwa raha kusikiliza, sitawadanganya, mpaka Baba alipofungua mdomo. Baba hakuwa msemaji. Alisema neno moja tu: "Akitoka Yona, natoka naye." Nikaona mgongo wa Mama pale ukutani unatetemeka. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa hawataondoa mtoto tu. Nyumba yetu ilikuwa inakatwa vipande viwili, na kisu kilikuwa kimeshaingia.

"Basi iwe hivyo," Mjomba akasema. Hakufurahi kulisema, na mpaka leo namhesabia hilo. "Debora, mlete mtoto."

Nikaanza kufungua fundo. Sikuwahi kufungua fundo polepole vile.

"Debora, kaa chini," Bibi akasema.

Alikuwa kwenye mkeka na ungo wake, anachambua mbegu kana kwamba kikao kile ni cha majirani. Akauweka ungo pembeni.

"Lazaro, wewe uliota meno lini?"

Mjomba akakunja uso. "Nitajuaje, mama? Nilikuwa mchanga."

"Hujui wewe. Najua mimi. Uliota kiangazi, mawili kwa mpigo, na yote mawili juu."

Sote tukamtazama Mjomba, na Mjomba, mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye sauti, tukaona mdomo wake wa juu unainuka na kushuka. Alikuwa anayapapasa meno yake kwa ulimi.

"Nilikufungia ndani kama nilivyomfungia huyu," Bibi akasema. "Nikasema una surua. Baba yako mwenyewe nilimwambia una surua, inaambukiza wanaume. Ya chini yalipotoka nikakutoa nje watu wakushangilie. Ndiyo hivyo. Mfupa wa huyu mtoto haukutoka Zombo. Umetoka tumboni mwangu."

Mnapaswa kujua alichokuwa anakiweka rehani. Mwanamke aliyeficha kigego, kila kifo kilichotokea baada ya hapo kinahesabiwa kwake. Na vifo vilikuwepo. Nyumba gani haina vifo? Babu mwenyewe alikuwa amekufa Lazaro akiwa bado mtoto. Mzee mmoja wa ukoo, mwembamba, mwenye kupenda kufungua vidonda vya watu, akasema taratibu, "Kumbe. Basi ndiyo maana mumeo..."

Bibi hakumwacha amalize. "Mume wangu aliuawa na nyati, na wewe ulikuwepo, ulikuwa juu ya mti. Sasa nenda kamfungue nyati mdomo utazame. Meno ya mbele ya juu hana hata moja! Kama meno ya juu ndiyo yanayoua, mume wangu yu hai, nionyesheni alipo."

Kwetu sisi, tuliokuwa tunapakana na pori la wanyama la Mikumi, kila aliyewahi kuchinja ng'ombe au kula nyati alijua hilo ni kweli. Bibi wa Zombo akapiga mkeka kofi moja.

"Maneno hayo! Lakini dada yangu, mfupa hautoki kwa mwanamke."

"Basi huu umepotea njia. Umeshafika, tuufanyeje?"

Mjomba akasema, sasa kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ujitoe?"

Mjomba akasimama, akashika jembe lake lililokuwa limeegeshwa ukutani, akasema bila kumtazama mtu, "Mtoto akae. Mvua inakuja na mbegu bado." Mama akageuka kutoka ukutani, akanyoosha mikono, na mimi nikamaliza kufungua fundo.

Bibi hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Jioni ile ile, watu wakiwa bado shambani, akamshika Yona mikono miwili, akamkanyagisha kwenye matuta yaliyopandwa, mbele ya macho ya kila mtu, huku Yona akipiga kelele za furaha. "Tuone sasa," akasema. Mahindi yakaota. Karibu na mwamba hayakuota, lakini pale hayajawahi kuota tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyeuita mwamba kigego.

Msidhani watu walibadilika siku hiyo. Bibi alilipa. Kuna wanawake hawakuazima tena chungu kwake, na wengine walipokutana naye kisimani walikumbuka walichosahau nyumbani. Alisema hewani, pasipo kumlenga mtu, kwamba maji yamekuwa mengi siku hizi, hayana wa kuyagombea. Hakulalamika, na sikumwona akilia. Na Yona, kama Mjomba alivyosema, aliwazika wote: mama, baba, mabibi wawili, na Mjomba mwenyewe. Angefanyaje? Alikuwa mdogo kuliko wote, na mwenye nguvu za kuchimba. Mjomba alifia mikononi mwake, mzee sana, amebakiwa na meno machache, na hayo machache yalikuwa ya juu.

Kwa miaka mingi sikulifikiria jambo hili zaidi ya hapo. Niliolewa, nikahamia Mikumi mjini, nikauza chakula kando ya barabara kubwa, nikazaa, nikazika, nikapata wajukuu. Halafu juzi juzi mjukuu wangu Neema, ambaye ni muuguzi, akaja kunionyesha picha ya mwanawe kwenye simu. Mtoto anacheka. Juu, jino moja, jeupe. Chini hakuna kitu.

Nikasema, "Hee."

"Bibi, usianze," Neema akasema.

"Sijasema kitu. Nimesema hee."

Nikamsimulia habari ya Yona na Mjomba Lazaro. Alicheka kwa sababu ya nyati mpaka akafuta machozi, kisha akanieleza mambo ya jeni. Mwenzenu nilisoma madarasa machache ya misheni, lakini nimelima maisha yangu yote, na jeni zile nilizielewa kuliko alivyotegemea. Alisema mtoto hachukui damu kwa huyu na mfupa kwa yule. Anachukua nusu ya maagizo kwa mama na nusu kwa baba, kwa kila kitu, damu na mfupa na kucha. Nikamuuliza, mbona basi Mama yangu, dada yake Lazaro, aliota chini kama watu wengine, halafu mwanawe akaota juu?

"Jeni inaweza kupita kwa mtu bila kujionyesha, Bibi."

Hilo nalo si geni. Unapanda mahindi meupe, unavuna gunzi lina punje mbili nyekundu. Nyekundu ilikuwa humo imelala. Ila Neema alikuwa mwangalifu, akasema kwenye meno jeni ni nyingi, na bahati nayo ina mkono wake. Kuna watoto wanaota juu na ukoo mzima haujawahi.

"Sasa niambie," nikasema, "jino la mwanao, kiasi gani ni mbegu na kiasi gani ni malezi?"

"Swali hilo haliulizwi hivyo. Huwezi kumgawa mtu mmoja. Unaangalia watu wengi, unauliza: hawa wanatofautiana, tofauti yao imetoka wapi zaidi?"

Akaniambia wataalamu wanatazama mapacha, wale wanaofanana kama macho mawili na wale wasiofanana. Wanaofanana wakikaribiana kwa jambo fulani kuliko wasiofanana, basi mbegu ina nguvu kwenye jambo hilo. Nikamwambia aniachie nifikiri kwa njia yangu. Nikafikiri shamba. Ukinishikisha muhindi mmoja uniulize nusu ipi ni ya udongo na nusu ipi ni ya mbegu, nitakuambia kalale. Lakini chukua mbegu ya gunzi moja, nusu panda bondeni, nusu panda kwenye kokoto. Bondeni yanakupita kichwa, kwenye kokoto yanakufika kiunoni. Mbegu ni ile ile. Tofauti ile ni ya udongo. Halafu changanya mbegu za kila aina, zipande bondeni zote, palilia zote sawa. Bado mengine yatakuwa marefu na mengine mafupi, na hapo usiusingizie udongo.

"Ndiyo hivyo hasa," Neema akasema. "Na ndiyo maana jibu linabadilika. Mahali watoto wote wanakula vizuri, tofauti ya kimo inabaki ya jeni zaidi. Mahali wengine wanashinda njaa, ni jambo jingine."

Yeye aliendelea kuzungumza. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimeshaondoka pale, niko Tindiga.

Mtu anaweza kuniuliza hivi, na wazee wetu waliuliza hivyo hivyo: kama kigego ni jino tu, mbona vigego waliojulikana walikuwa kweli wakorofi? Walikuwa. Nilimjua mmoja. Aliitwa Tabita, wa rika langu, mzaliwa wa mlima wetu. Yeye alitolewa akiwa mchanga, akapewa watu wa Tindiga kule bondeni kwenye mpunga. Nilipokuwa msichana tulikuwa tukishuka na Bibi kununua mpunga kule, na ndiko nilikomwona. Mfupi, mikono kama vijiti, hasemi na mtu. Akiguswa anauma. Akiachwa na chungu, unakuta chungu kitupu. "Mnaona?" watu walisema. "Ni kigego, iko kwenye mfupa." Bibi alikuwa akimtazama muda mrefu, halafu anapatana bei ya mpunga kwa hasira, na mimi sikujua anamkasirikia nani.

Na wakati huo huo, kule mlimani, Mjomba Lazaro aliyeota meno vile vile alikuwa anasoma somo kanisani kwa sauti ya kutikisa mabati. Hakuna aliyesema sauti ile iko kwenye mfupa wa kigego. Mbegu moja kwa hao wawili, angalau mbegu ile waliyoiogopa. Mmoja alipandwa mikononi mwa mama yake, mwingine alirushwa kwenye kokoto, halafu watu wakaja na vigoda vyao, wakakaa, wakasoma mbegu.

Tabita yu hai. Baada ya mazungumzo yale na Neema nilipanda bodaboda, na mgongo wangu huu, nikaenda Tindiga. Nilimkuta kibarazani anapeta mchele. Mfupi bado, kimo hakikurudi, mifupa ikikosa chakula wakati wake haikungojei. Lakini ana watoto na wajukuu wamejaa ua, warefu kama milingoti, na mmoja wao alitupikia wali na kunde. Tuliongea habari za magoti na bei ya mbolea. Mimi si mtu wa kuzunguka, nikamuuliza.

"Tabita, ulikuwa unauma watu kwa nini?"

Hakukasirika. Alipeta, akapuliza makapi, akatazama.

"Nilikuwa na njaa, Debora. Walikuwa wanakula kwanza wao, mimi napewa ukoko. Kukiwa na ukoko."

Ni hivyo tu. Watu wazima wa mlima mmoja na bonde moja walikaa maisha yao yote wakieleza tabia ya mtoto yule kwa jino, na hakuna aliyemuuliza kama amekula. Na mimi pia niliyaamini maneno yao, maana nilipomwona kisimani kwao nilikuwa napita upande wa pili.

Jino lake lilikuja na mbegu, na mbegu hakuna anayeichagua. Unaipokea kama unavyopokea mvua. Yaliyobaki yalifanywa na watu, mchana kweupe, watu wenye majina, wengine wa ukoo wangu. Siku hizi nawasikia wasomi wa redioni na walevi wa kilabuni wakisema fulani ni hivi kwa sababu ni damu yao, ni ya kwao hiyo, imo kwenye jeni. Inawezekana. Mimi kabla sijakubali nauliza kwanza alipandwa wapi, na nani alikuwa anapalilia.

Tulipomaliza kula, Tabita alikwangua sufuria. Ukoko akawamwagia kuku.